Tagi ya tozo au njia za panya? Calais mpaka Montpellier kwa usukani wa kulia

BintiPangani

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa waliokwisha kuendesha Ufaransa. Tunaishi Luton, Uingereza. Mwezi wa nane tunakwenda Montpellier kwa dada yangu: mimi, baba watoto na watoto wawili, wa miaka tisa na minne. Tunavuka Folkestone kwenda Calais na gari letu wenyewe, Avensis ya zamani, usukani kulia, na juu tutafunga lile sanduku la mizigo.

Ugomvi uko hapa. Mume anataka tuagize kile kidude cha kubandika kiooni, tupite mageti ya tozo bila kusimama, twende moja kwa moja. Mimi nataka vijijini. Nimetamani kuona mashamba ya alizeti tangu niko shule, na sioni sababu ya kulipa hela nyingi niangalie ukuta wa barabara kuu siku nzima. Yeye anasema nikiachiwa ramani tutafika Montpellier likizo imeisha. Tuna siku mbili za kwenda na tutalala njiani, bado hatujajua wapi. Nani ana haki?

Mzaramo_Croydon

Dada, mumeo ana haki. Mimi mwaka juzi niliiambia simu "epuka tozo" nikajiona mjanja. Ikanipitisha kila kijiji kinachojulikana na kisichojulikana. Kipilefti, mita mia tatu, kipilefti kingine. (Kule unazunguka kwa kulia, sijui tukiite kipiraiti.) Nilitoka Calais alfajiri, saa tatu usiku niko Limoges, watoto wametapika mara mbili. Pesa niliyookoa iliishia hotelini.

MkweWaKusini

BintiPangani, ngoja nikujibu kwa urefu, maana wakwe zangu wako karibu na Pézenas na hiyo njia nimeiendesha karibu kila kiangazi kwa miaka kumi na moja. Nyote wawili mna haki, ila si kwenye kipande kimoja cha barabara.

Kwanza tagi. Watu wanadhani ni ya kuokoa muda. Kwa sisi wa usukani wa kulia, kazi yake kubwa ni kuokoa heshima. Kibanda cha tozo Ufaransa kiko upande wa kushoto, na wewe umekaa kulia. Ukiwa na mtu pembeni, yeye ndiye anakuwa utingo wako: anachukua tiketi, anaingiza kadi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa peke yangu. Nilifika geti la kwanza nikajinyoosha juu ya kiti cha abiria kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda, mkono ukaishia hewani. Nikafungua mkanda, nikashuka, nikazunguka gari, nikavuta tiketi. Upepo ukainyakua ikaingia chini ya gari langu. Nimepiga magoti kwenye lami, nyuma yangu karavani nne za Waholanzi. Hakuna aliyepiga honi, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Jioni ile ile niliagiza tagi.

Inavyofanya kazi: unaibandika nyuma ya kioo cha kati, kwenye kioo cha mbele. Ukikaribia geti tafuta njia yenye herufi t ndogo ya rangi ya chungwa. Kinalia "pii" na geti linanyanyuka; huchukui tiketi wala hulipi chochote hapo, bili inakuja mwisho wa mwezi. Zipo njia nyingine zimeandikwa 30: hizo unapita kwa spidi ya kilomita 30 bila kusimama kabisa. Lakini dada, soma hapa vizuri: njia nyingi za 30 zina chuma juu, mwisho mita mbili. Wewe una sanduku la mizigo. Pima gari kutoka chini mpaka juu ya sanduku KABLA ya kuondoka nyumbani, uandike namba kwenye karatasi, uibandike mbele ya dereva. Na kama mashine itakusoma kama gari kubwa kwa sababu ya hilo sanduku, bonyeza kitufe cha msaada useme "classe une" (daraja la kwanza). Sanduku la juu halibadilishi daraja la gari, ila mashine haijui hivyo.

Chagua mpango ambao ada ya mwezi inakatwa tu mwezi uliotumia tagi. Wengine tunakaa nayo droo la jikoni miezi kumi.

Sasa njia. Toka Calais kwa A16 mpaka Abbeville. Kipande cha mwanzo ni bure, baada ya Boulogne unalipa. Abbeville mpaka Rouen ni A28, bure. Rouen kwenyewe pana usumbufu, vumilia. Kisha N154 kupitia Évreux, Dreux, Chartres, halafu A10 na A71: Orléans, Bourges, Clermont-Ferrand. Hapa LIPA. Usinione mvivu, nimejaribu kukwepa. Kusini ya Chartres ni ngano tupu, tambarare kama meza, malori kibao, na ukishuka njia za pembeni unachokipata ni maroli yale yale kwa spidi ndogo zaidi. Alizeti utaziona pande za Bourges hata ukiwa barabara kuu, lakini nisikudanganye: kama mnakwenda mwishoni mwa mwezi wa nane, nyingi zitakuwa zimeshainamisha vichwa na kuwa kahawia. Wahi.

Laleni Clermont au karibu yake.

Siku ya pili ndiyo yako, dada. Kuanzia Clermont kuelekea kusini barabara inaitwa A75, na karibu yote ni bure. Inapanda milimani mpaka zaidi ya mita 1,100. Baada ya Saint-Flour utaona daraja la reli jekundu juu ya bonde, linaitwa Garabit, kazi ya kampuni ya Eiffel yule yule wa mnara, lilimalizika 1884. Pana sehemu ya kupumzikia, watoto wakimbie.

Kinacholipiwa ni kimoja tu: daraja la Millau, lililofunguliwa Desemba 2004. Urefu wake mita 2,460, na nguzo ndefu kuliko zote, pamoja na mlingoti wake, inafika mita 343. Kiangazi tozo yake inapanda. Mume atataka kupita juu, kwa tagi, pii, dakika mbili imekwisha, na kwa kweli ukiwa juu huoni daraja, unaona nyaya na kingo za upepo. Mwambie ashuke toka namba 45. Teremka mpaka mji wa Millau, uchukue D992 kilomita chache, upite CHINI yake. Simamisha gari. Mwanangu wa kati, aliyekuwa na miaka sita, aliegemeza kisogo kwenye siti akaangalia juu hadi akauliza kama magari yale madogo yana watu kweli. Malori yalionekana kama viberiti.

Kisha mnarudi Millau na kupanda D809 mpaka La Cavalerie. Ni kona juu ya kona, kama unapanda Lushoto, bonde lote liko chini yako. Juu ni uwanda wa Larzac, mawe na kondoo. Maziwa yao ndiyo yanatengeneza jibini ya Roquefort. La Cavalerie mnaingia tena A75, mnateremka kwa kasi kuelekea Lodève, halafu A750, bure, mpaka mlangoni kwa dada yako. Kukwepa daraja kumewagharimu saa moja, au saa na nusu mkila.

Mambo ya vijijini ambayo ramani haisemi: spidi ya kawaida nje ya miji ni 80 tangu Julai 2018, ingawa baadhi ya mikoa imerudisha 90. Tochi zipo, na hazina trafiki wa kuongea naye. Ndani ya kijiji, gari linalotoka kulia kwako kwenye kichochoro linaweza kuwa na haki ya kupita kwanza, hata kama wewe uko barabara pana. Ukiona njia panda bila alama, punguza. Na mkate nunueni asubuhi. Kuanzia saa sita na nusu mchana duka la mkate limefungwa, la nyama limefungwa, mpaka mbwa wamelala. Mafuta jazeni sheli za supamaketi, hizo mashine zinapokea kadi muda wote na bei ni nafuu kuliko za barabara kuu.

Nimeandika sana. Mke wangu ananiambia niende kulala.

Mngazija_Muscat

Kaka umetufaidisha. Huku kwetu Oman hatulipi tozo ya barabara, lakini ukivuka kwenda Dubai kuna Salik tangu 2007: hakuna geti, hakuna kibanda, unapita chini ya mtambo unakatwa. Nasikia Ufaransa nako wameanza hivyo. Mtu asiye na tagi analipaje?

MkweWaKusini

Kweli, ndugu yangu. A79 ilianza 2022, na A13 ya Paris kwenda Normandy ikafuata 2024. Kamera inapiga picha namba ya gari, na una saa 72 za kuingia mtandaoni kulipa mwenyewe. Hakuna atakayekusimamisha kukukumbusha. Shemeji yangu alikwenda Deauville, huko Normandy, akafurahi kwamba barabara imekuwa bure. Barua ilimfuata mpaka Leicester. Mwenye tagi halimhusu, inakatwa yenyewe. Na BintiPangani, karibu na Rouen njia yangu inagusa A13 kidogo, kwa hiyo sababu nyingine ya kumpa mume tagi yake.

BintiPangani

Ahsanteni sana, hasa MkweWaKusini, Mungu akuzidishie. Nimemsomea baba watoto yote. Nilipofika kwenye tiketi na Waholanzi alicheka mpaka akakohoa, maana anajijua. Tumepima gari: mita 1.87 na sanduku lake. Tagi imeagizwa. Millau tunapita chini, ila ameweka sharti kwamba kurudi tunapita juu, na pii aisikie yeye.

Swali dogo la mwisho: tuondoke Ijumaa usiku au Jumamosi asubuhi?

MkweWaKusini

Jumamosi ya mwezi wa nane? Wafaransa wenyewe huipaka rangi nyeusi kwenye kalenda ya foleni. Ondokeni Jumanne.