Mjadala: Anayeumia zaidi ajalini, tulaumu mkao wake au gari?

Wakuu, abiria mfupi au mnene akiumia vibaya kuliko aliyekaa kando yake, watu husema "alikaa vibaya". Mimi nasema gari halikupimwa kwa mwili kama wake.

Hybrid III, sanamu iliyotumika zaidi kwenye majaribio ya kugongesha magari, ilitengenezwa na General Motors mwaka 1976. Ni mwanamume wa kama sentimita 175 na kilo 78. Ya kike ipo, ila ni hiyohiyo ya kiume iliyopunguzwa hadi kilo 49 hivi. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walikuta kwamba madereva wanawake waliofunga mkanda walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya uliozidi ule wa wanaume kwa asilimia 47, katika ajali zinazolingana. Waliofunga mkanda, jamani!

Mnene naye ana lake. Mkanda wa chini unatakiwa ushike mfupa wa nyonga, lakini nyama laini huuweka mbali na mfupa. Kabla haujakaza, mwili umeshasogea mbele.

*Jibu:*
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Mtu kalaza kiti, mkanda unaning'inia mbali na kifua. Gari likigonga, anateleza chini yake na mkanda unapanda tumboni, penye utumbo na ini. Mwingine kaweka miguu juu ya dashibodi. Mfuko wa hewa hufumuka upesi kuliko kupepesa jicho, magoti yanamrudia usoni. Hayo yanahitaji sanamu mpya ya nini?

*Mwanzisha mada:*
La kulaza kiti na la miguu nakubali kabisa, tena kila abiria alisikie. Sasa niambie kuhusu dereva mfupi. Anashauriwa kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani. Akirudi nyuma hivyo, huenda mguu usifike kwenye breki. Akisogea, yuko karibu mno na mfuko wa hewa. Mkao huo hakuuchagua yeye.

Na sanamu inawezekana. Mwaka 2022 nchini Sweden, mtafiti Astrid Linder na wenzake walionyesha ya mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62, kwa ajili ya ajali za kugongwa nyuma, ambako shingo za wanawake huumia zaidi. Kama ipo, kwa nini watengenezaji wasilazimishwe kuitumia kabla gari halijauzwa? Anayepinga hilo, aje na hoja.