Kumtoa mtoto wa sekondari nyumbani saa 11 alfajiri ni uonevu, tuache kuuita nidhamu

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Hivi nani alituambia mtoto wa miaka 15 anapata akili zaidi akifika shuleni giza bado lipo?

Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa, hapa hapa Dar. Shule siitaji, maana za namna hiyo zimejaa. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani kipindi cha kwanza ni saa 2:00 asubuhi. Ratiba inayofuatwa ni nyingine kabisa: masomo ya ziada saa 12:30, kisha usafi, kisha mstarini, na mwalimu wa zamu kasimama getini na fimbo akiwasubiri wachelewaji. Mwezi wa saba jua la Dar linachomoza saa 12 na nusu hivi. Yaani watoto wawe wameshafungua madaftari ndipo kuche!

Sisi tunakaa Chanika, pembezoni mwa jiji, na shule iko mjini. Piga hesabu mwenyewe. Saa 10 na kitu anaamka, saa 11 yuko kituoni, na mtoto wa kike simwachi asimame pale gizani peke yake, kwa hiyo tunasimama wote. Daladala inakuja, konda akiona sare anageuza uso. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, mtu mzima kwa safari hiyo hiyo analipa zaidi ya mara tatu, na saa hizo watu wazima wanaowahi kazini wamejaa kituo kizima. "Wanafunzi wawili tu!" Wengine wabaki. Akibahatika kupanda anasimama mpaka Buguruni, anasinzia kashika bomba, begi likimvuta mgongo. Jioni foleni ileile, anaingia ndani saa 1 usiku, anaoga, anakula, anafanya kazi za shule mpaka saa 4 na nusu, saa 5. Amelala kwa muda gani hapo? Masaa matano, yakizidi sana matano na nusu. Wataalamu wa usingizi wanasema wa umri wake anahitaji masaa 8 mpaka 10 ya usingizi.

Juzi nilifungua daftari lake la Fizikia. Juu ya ukurasa mwandiko umenyooka, mzuri. Katikati herufi zinaanza kulegea, kisha kalamu inateleza kutoka kwenye mstari na kushuka mpaka ukingoni mwa karatasi. Chini yake anaanza upya, sentensi nyingine, mada nyingine. Kurasa za namna hiyo ni nyingi, na zote ni za vipindi vya asubuhi. Halafu walimu mnaniita shuleni kuniambia "mwanao mzembe"!

Na si uzembe. Mtoto akibalehe, saa ya mwili wake inasogea mbele. Homoni ya kuleta usingizi inachelewa kutoka usiku na inachelewa kuisha asubuhi. Hata ukimlazimisha kulala saa 3 usiku atagaagaa tu. Hili limechunguzwa miaka na miaka. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa tamko kwamba shule za umri huo zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. California wakaliingiza kwenye sheria, ikaanza kutumika Julai 2022 kwa sekondari zao. Seattle walisogeza kutoka saa 1:50 hadi saa 2:45 mwaka 2016, watafiti wakawafunga wanafunzi vifaa mkononi kupima, wakakuta wanalala dakika 34 zaidi kwa usiku. Wale waliosema "watachelewa kulala tu" wakajibiwa na vipimo.

Najua mtu atakuja hapa na "hao Wazungu". Haya, twende Kenya. Kanuni zao za elimu za mwaka 2015 zinasema shule za kutwa masomo ni saa 2 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Shule nyingi zinavunja, ndiyo, lakini mzazi wa kule akisimama kwenye kikao ana karatasi ya kushika. Mimi niliposimama kwenye kikao chetu nilijibiwa "biashara asubuhi, jioni mahesabu", ukumbi ukapiga makofi.

Kuna na wale wa "sisi tulitembea kilomita kumi na tukafaulu". Kaka zangu, wengi wetu tulikuwa tumelala saa 2 usiku, kibatari kikizimwa basi. Hatukuwa na foleni ya Gongo la Mboto jioni. Na tusisahau wenzetu walioshindwa, walioacha shule darasa la sita. Hao hawapo hapa kusimulia. Hoja kwamba mtoto anaamka tu kwa swala ya alfajiri naiheshimu, nyumbani kwangu tunaswali, ila kuswali na kurudi kujinyoosha kidogo si sawa na kuswali huku umevaa viatu.

Ninachotaka hakihitaji bajeti. Wizara ya Elimu na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) watoe waraka: shule ya sekondari ya kutwa isimdai mwanafunzi awe getini kabla ya saa 2:00, kipindi cha kwanza kiwe saa 2:30, na masomo ya ziada ya alfajiri yapigwe marufuku, hata yakiitwa ya hiari au yakiwa ya kulipia. Wanafunzi wakitoka baada ya wimbi la wafanyakazi, hata konda atawapakia, maana atakuwa anatafuta abiria.

Mwenye mtoto shule ya kutwa, popote ulipo, andika hapa chini anatoka nyumbani saa ngapi na analala saa ngapi. Majina ya shule msiweke. Majibu yenu nitayakusanya, nitayachapa na kuyapeleka kwa afisa elimu wa wilaya, na nitakaa kwenye benchi pale mpaka ayasome.