Baridi ikianza bustani inakufa, nifanyeje?

Wakuu habari, kila mwaka baridi ikianza tu nang'oa kila kitu bustanini, kuna namna ya kuendelea kuchuma mboga hadi winta?

— Nyanya achana nazo mkuu, sakitu (ile barafu nyembamba ya usiku wa baridi) ikigusa jani tu linakuwa jeusi. Weka sukuma, spinachi na karoti, hizo baridi inaziongezea utamu kabisa maana mmea unageuza wanga kuwa sukari. Ila panda mapema, urefu wa mchana ukishuka chini ya masaa 10 zinadumaa kwahiyo ziwe zishakua.

— Naongezea, mimi napinda mabomba ya plastiki juu ya tuta nafunika nailoni, jua likitoka nafungua pembeni la sivyo majani yanalowa yanaoza. Karoti ziache humohumo ardhini, funika nyasi kavu unene wa sentimita 30.

— Kumbe nachelewa kupanda! Asanteni sana.