Mnyama wa porini akiwa taabani, tumsaidie au tumwache?

Mleta mada

Wakuu, poleni na majukumu. Juzi nilikuwa kwenye basi natoka Dar kwenda Iringa. Tukaingia Mikumi, kile kipande cha kama kilomita 50 ambapo barabara kuu inakatiza hifadhini, na lori lililokuwa mbele yetu likamgonga swala pala. Halikusimama. Sisi tukapita polepole tukimwona. Miguu ya nyuma imevunjika, ya mbele bado inasukuma, anajizungusha palepale kwenye lami. Mama mmoja akapiga kelele dereva asimame. Dereva akajibu kwamba kushuka hifadhini hairuhusiwi, na askari wakimkuta na swala mikononi, nani atamwamini kuwa aliyegonga ni mwingine?

Basi zima likagawanyika. Ubishi ule ulitufikisha Ruaha Mbuyuni, tukaendelea nao hata tulipokuwa tunanunua vitunguu. Wengine wanasema ni kiumbe, huwezi kumpita hivyo. Wengine wanasema porini ni porini, hata fisi ana haki ya kula.

Msimamo wangu ni huu: kilichovunjwa na binadamu, binadamu akitengeneze. Kilichovunjwa na simba, mto au ukame, tukae pembeni. Mimi naona mstari huo umenyooka. Nionyesheni ulipopinda.

Mchangiaji wa Karatu

Nimeendesha watalii Serengeti miaka 19, nitasema ninachokijua. Kila mwaka kule Kogatende nyumbu wanavuka mto Mara, na kila mwaka wanakufa. Si wawili watatu. Watafiti walipiga hesabu ya mwaka 2001 hadi 2015, wakapata wastani wa mizoga 6,250 inayobaki mtoni kila mwaka, kama tani 1,100.

Nimeshawahi kuwa na mgeni analia ndani ya gari, ananiambia nitoe kamba nimvute ndama aliyenasa kwenye mawe. Kamba ninayo, ya kuvutia gari. Nikamwambia subiri. Ndama akafa. Yule mgeni hakuongea na mimi mpaka tulipofika kambini, na bahshishi sikuona.

Ila kesho yake nilimpeleka palepale. Kongoti na tumbusi wamejaa mpaka huoni mchanga, mamba wamelala matumbo juu ya mwamba, na samaki nao wanakula chini ambako hatuwaoni. Mifupa yenyewe inachukua kama miaka saba kuisha, na muda wote huo inarutubisha maji. Ukimtoa ndama yule, umemnyang'anya mwingine chakula chake. Nakubaliana na mleta mada kuhusu mto. Tukae pembeni.

Mchangiaji wa Ubaruku, Mbarali

Mleta mada, mstari wako umepinda huku kwetu.

Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Tangu kama 1993 ukaanza kukatika wakati wa kiangazi, ndani kabisa ya Hifadhi ya Ruaha. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi vinavyogeuka tope, wanaumana, ndama wanakanyagwa. Mtalii anapiga picha, anasema maskini, ukame huu. Ukame gani? Mvua ilinyesha. Maji yaliishia kwenye majaruba ya mpunga huku juu, na mimi ni mmoja wa wenye majaruba. Mwaka 2008 bonde la Usangu likaunganishwa na hifadhi, wafugaji walishaondolewa na ng'ombe wao, na mto bado unakatika.

Sasa niambie, huyo kiboko kwenye tope kavunjwa na nani? Kwa mstari wako mimi ndiye natakiwa kwenda kumtoa. Kiboko! Kwa jembe?

Mchangiaji wa Voi

Hujambo ndugu wa Ubaruku. Umenikumbusha hadithi ambayo wazee wa hapa Voi hawajaisahau.

Miaka ya sitini ndovu wa Tsavo walizidi, msitu ukawa unageuka uwanja wa miti iliyoangushwa. Mwanasayansi Mwingereza, Richard Laws, akashauri wapunguzwe kwa bunduki, akitaka kuanzia na kama 3,000. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, akakataa. Alisema mbuga itajirekebisha yenyewe. Laws akaondoka. Ukame wa 1970 na 1971 ukaja, na ndovu kama 6,000 wakafa.

Sikilizeni walivyokufa, maana watu hudhani ni kiu. Ilikuwa njaa. Majike wenye watoto hawakuweza kwenda mbali na mto, kwa kuwa mtoto hatembei kilomita nyingi bila maji. Wakakaa karibu na Galana, wakala kila kitu hadi kikaisha, kisha wakafa na maji yakiwa mbele yao. Madume yalitembea, mengi yakapona. Marehemu baba yangu alikuwa akifanya kazi ya barabara wakati huo. Alikuwa akisema harufu ilitangulia, ndovu ulimwona baadaye.

Kwa hivyo mtu akiniambia "wachimbieni visima" huwa nauliza, na majani mtachimba wapi? Kisima kinawakusanya mahali pamoja na kumaliza malisho ya hapo. Lakini sitadanganya. Miaka michache iliyopita kulikuwa na mkulima wa huku Taita aliyekuwa akipeleka maji kwa lori hadi Tsavo Magharibi, na nyati wakazoea mlio wa lori wakawa wanalifuata. Nilipoona vile roho yangu ilikuwa upande wake, hesabu zote nikazisahau.

Ukame wa 2022 serikali yetu ilihesabu, Februari hadi Oktoba: ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, na punda milia wa Grevy 49. Hao wa mwisho wamebaki kama 3,000 tu duniani, karibu wote wako Kenya. Wakapelekewa nyasi kavu. Hapo mimi sina neno. Ukiwa umebaki na wachache namna hiyo, habari ya kungojea mbuga ijirekebishe siiwezi.

Mchangiaji wa Longido

Nasoma nacheka kidogo, msinielewe vibaya.

Mwaka huohuo wa 2022 nilikuwa na ng'ombe 84. Ilipofika mvua wamebaki 11. Nilikuwa nawainua asubuhi kwa mkono, mimi na wanangu, wawili mkiani na mmoja kichwani, na jioni tunawainua tena. Hakuna aliyekuja na lori la nyasi. Punda milia walikufa palepale walipofia ng'ombe wangu, jike na mtoto wake, hatua mbili kutoka boma. Watu wakaja kupiga picha punda milia.

Sisemi punda milia asipewe nyasi. Kwetu hatumli hata nyama. Nasema, mnapouliza "tuingilie kati au tusiingilie", mimi na ng'ombe wangu tuko upande gani wa swali? Tukikosa malisho tunaambiwa tumezidisha mifugo. Tembo akikosa malisho anaonewa huruma.

Mchangiaji, daktari wa mifugo

Mzee wa Longido, umegusa kitu kikubwa kuliko ulivyokusudia.

Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Kwa miongo mingi iliendelea kuua ndama wa nyumbu. Kisha ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti wakachanjwa. Ng'ombe tu, hakuna nyumbu aliyechomwa sindano, na ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama 250,000. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970 wamepita milioni moja. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imeisha.

Kwa hiyo, ndugu wa Karatu, hao nyumbu unaowaachia mto Mara kwa sababu ndiyo asili, wingi wao huo ni kazi ya mabwana mifugo. Mizoga 6,250 inatoka kwenye kundi ambalo tulilikuza sisi bila kujua.

Simba vilevile. Mwaka 1994 kama simba 1,000 wa Serengeti, theluthi nzima, walikufa kwa virusi vya ugonjwa wa mbwa uitwao distemper, si kichaa cha mbwa. Kilichofuata ni kuchanja mbwa vijijini.

Sasa kuhusu kumshika mnyama mmoja mmoja. Watu wanadhani ukiwa na sindano ya usingizi umemaliza. Twiga akianguka vibaya, shingo yake mwenyewe inaweza kumuua. Swala ukimkimbiza sana misuli inaharibika, anaondoka mzima na kufa siku kadhaa baadaye, nawe umeshapiga picha ya ushindi. Wale madaktari wa sokwe wa milimani (gorila) wa Rwanda, Uganda na Kongo huingilia jeraha likitokana na binadamu, mfano mtego wa waya, au maisha ya mnyama yakiwa hatarini. Wamefanya hivyo tangu 1986, na sokwe hao, walioshuka hadi mamia machache, walipita 1,000 kufikia 2018. Ila pale wale waliozoeshwa watu wana majina na wanafuatwa kila siku. Huwezi kufanya hivyo kwa nyumbu.

Na yule swala wa Mikumi: nyonga zikishavunjika, msaada ni mmoja, risasi. Tena ya askari, si ya abiria. Gombe mwaka 1966 sokwe mtu walipata polio, mtafiti Jane Goodall na wenzake wakawapa chanjo ndani ya ndizi. Lakini mzee mmoja waliyemwita McGregor alikuwa ameshapooza miguu, wakampiga risasi. Mama aliyepiga kelele kwenye basi, angekubali huo ndio uwe msaada?

Mchangiaji wa Babati

Naongeza fupi, kwa aibu. Miaka ya nyuma nilimkuta mtoto wa swala tomi amelala nyasini peke yake, hakimbii. Nikambeba kwenye pikipiki hadi nyumbani, nikampa maziwa ya mbuzi. Siku ya tatu akafa. Baadaye askari wa wanyamapori mmoja akanieleza kuwa mama yake humlaza hivyo makusudi, anaenda kula mbali, anarudi kunyonyesha. Akaniambia pia kwamba kwa sheria ya 2009 kukaa na mnyamapori hai bila kibali ni kosa, nishukuru alifia kwangu na si mahakamani. Kwa hiyo mimi niko na wa "mwache". Si kwa sababu ya asili, ni kwa kuwa wengi wetu hatujui tunachokiona.

Mleta mada

Nimewasoma wote. Mstari wangu nimeufuta nusu. Lori la Mikumi bado nalishikilia: aliyegonga alipaswa kusimama geti la mbele na kutoa taarifa, na hata sisi tungeweza kusimama hapo. Hatukufanya. Dereva alipita, na hakuna abiria aliyemkumbusha, nami nikiwemo. Tulikuwa tumenogewa na ubishi.

Ila kiboko wa Ubaruku amenishinda. Mkuu, uliuliza kwa jembe. Wewe mwenyewe ungefanya nini?

Mchangiaji wa Ubaruku, Mbarali

Mpunga wangu navuna mwezi wa sita. Baada ya hapo maji ya mfereji shambani hayana kazi kubwa, lakini yanaendelea kuingia, watu wanafyatulia tofali, mengine yanapotea kwenye magugu. Ningefunga geti la banio, pale maji ya mto yanapoingia mferejini, Julai mpaka mvua za Novemba. Ni dakika kumi, gurudumu moja la chuma.

Mwaka jana nilisema hivyo kwenye mkutano wa skimu yetu ya umwagiliaji. Wakaniuliza, ukifunga wewe, wa juu yako watafunga? Nikakaa chini.

Mwaka huu mkutano ni mwezi wa tano. Nitasema tena.