Kazi za grupu onlaini: kwa nini wengine wanazipenda na wengine wanazichukia?

Mwl_wa_Jioni: Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo hasa kwa mliosoma kozi za onlaini. Nafundisha diploma kwa Moodle (ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni), wanafunzi wametapakaa mikoani, wengi wana kazi na familia, nikawagawa vigrupu vya watu watano watano wafanye asaimenti pamoja kwenye Google Docs. Mwisho wa muhula nimewapa fomu ya maoni, notsi wanazisifu, mwalimu wanamsifu (asante zao), ila ikifika kazi ya grupu ni malalamiko tupu. Cha ajabu grupu mbili zinasema ndo kitu walichopenda kuliko vyote na wanaomba muhula ujao wasitenganishwe. Sasa swali ni lile lile, mwalimu yule yule, mtandao ule ule, inakuwaje hawa wafurahi wale wanune?

nesi_wa_zamu: Mwalimu mimi nimesoma huku naingia zamu za usiku. Grupu langu la kwanza lilinitesa jamani, unaandika WhatsApp "tunaanzaje wapendwa", tiki zinageuka bluu, kimya, siku ya kukusanya ndo mtu anaibuka "mniwekee na jina langu". Umekesha wewe alafu maksi mnapata sawa, hapo mtu ataridhika na nini? Muhula uliofuata nikapangwa na wengine, kabla hata hatujafungua swali dada mmoja akasema kila mtu atume voisi, ajitambulishe, yuko wapi, anafanya kazi gani, saa ngapi anashika simu. Nikajua kumbe huyu wa Kigoma ana duka la dawa anafunga saa tatu usiku, yule ana kichanga. Baada ya hapo mtu akinyamaza hununi, unampigia, "vipi mama, mtoto anaumwa?", na yeye anaona aibu kuwaangusha. Lile grupu mpaka leo tunachangiana harusi.

Kalamu_Nyekundu: Alichosema nesi wataalamu wanakijua siku nyingi. Mwaka 2000 Garrison, Anderson na Archer kule Kanada waliandika kwamba darasa la onlaini linasimama kwa mambo matatu, watu kuhisiana kama watu, mwalimu kuwepo, na akili kufanya kazi kweli. Sasa mwalimu kuwepo sio kujibu kila meseji, ni kupanga kazi vizuri na kutokea mapema kabla ugomvi haujaota mizizi. Na samahani mkuu ila naomba nikuulize, swali lako lilikuwaje? Maana ukiuliza "eleza faida tano za kitu fulani" na watu wako watano, kila mmoja anachukua faida yake, mmoja anabandika, mmemaliza, hamna mtu kasoma cha mwenzie. Hiyo ni kugawana tu. Wape kitu ambacho mtu peke yake hakiwezi, mfano kila mtu aende soko la kwao aulize bei ya gunia la mahindi, alafu wakae wabishane kwa nini wa Songea na wa Dar wamepishana. Hapo hata mvivu anatafutwa maana bei ya kwao anayo yeye.

bando_limekata: Nyie mnaongea nadharia, mi naongea bando. Zoom ya bure inawatupa nje dakika ya 40 katikati ya hoja, mnaingia tena, wawili hawarudi. Na kuna wale wenye Wi-Fi ya ofisini, eti "washeni kamera", kamera kwa bando la nani? Yani raha ya kusoma na watu ni pale ambapo asiye na hela hajioni mzigo. Maandishi na voisi vinatosha kabisa.

Ila mkuu nikupe kengele moja. Kuridhika sio kujifunza. Hizo grupu mbili zako zilizofurahi zichungulie kwanza, isije ikawa kuna punda mmoja kabeba wote, maana wanne lazima waridhike hapo! Fungua ile historia ya Google Docs, inaonyesha nani kaandika nini na saa ngapi.

Mwl_wa_Jioni: Aisee @bando_limekata nimetoka kuangalia sasa hivi. Grupu moja ni kweli wote wanaonekana, wanafutiana, wanarekebishana, wameachiana komenti za kubishana mpaka raha. Ile nyingine... karibu kazi yote kaandika mtu mmoja, kuanzia saa saba usiku. Wengine wameingia kuweka majina na namba za usajili.

Kalamu_Nyekundu: Basi muhula ujao sehemu ya maksi iwe ya mtu binafsi, na kila mmoja awape wenzie alama kwa siri. Waambie mapema, siku ya kwanza, sio mwishoni.

nesi_wa_zamu: Na huyo wa saa saba usiku, kwenye fomu naye alisema ameridhika??

Mwl_wa_Jioni: Fomu hazina majina dada yangu. Kesho nampigia.

nesi_wa_zamu: Mpigie jioni, mchana atakuwa amelala.