Switch, Xbox yenye Kinect, au nisubiri padi za kupima mapigo ya moyo? Ni kwa kibanda cha gemu Mtwara

KibandaShangani:
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu hapa Mtwara mjini, PS4 zipo na wateja wanacheza mpira kutwa nzima. Nataka kuongeza gemu za kuchezwa kwa mwili: dansi, ndondi, tenisi. Nimebaki na machaguo matatu: Nintendo Switch, Xbox 360 iliyotumika pamoja na Kinect yake (kamera inayofuata mwili wa mchezaji), au nivute subira nipate hizi padi mpya zinazosoma mapigo ya moyo, jasho la ngozi na misuli. Mzigo naagiza wiki hii. Nichukue ipi?

FundiPadi_Ligula:
Mkuu, hujasema chochote cha kukusaidia. Chumba kina urefu gani kutoka kwenye runinga hadi ukuta wa nyuma? Paa ni la nini? Wateja ni watoto au watu wazima? Na mzigo unatoka nchi gani? Bila hayo tutakutajia tunavyovipenda sisi tu.

Mikindani_Gemu:
Switch, usihangaike. Joy-Con, padi yake ndogo ya mkononi, ina jairo (kipima mzunguko) na sensa ya mwendo ndani yake, haitegemei kamera kukuona. Ukigeuka, ukiinama, mtu akikatiza mbele, inaendelea kufanya kazi. Chaji ya saa tatu na nusu unacheza hadi saa 20, kwa hiyo umeme ukikatika padi haziwi tatizo lako. Nintendo Switch Sports ya 2022 ina tenisi, boling na mpira wa kupiga penalti kwa mguu, unafunga Joy-Con pajani kwa mkanda wake.

KibandaShangani:
Chumba ni mita 3 kwa 3.5. Paa la bati, lina vipande viwili vya bati la plastiki la kuingizia mwanga. Wateja mchanganyiko, jioni wanakuja na kina dada.

Nachingwea_Tech:
Kwa paa hilo, Kinect isahau. Kuna kibanda kimoja huku kwetu kiliiweka kwenye chumba kama hicho, ngoja nieleze yaliyotokea, maana kila kosa lina sababu yake.

Kinect ya Xbox 360 inamwaga maelfu ya nukta za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) chumbani, kisha kamera yake inasoma jinsi nukta zilivyojipinda juu ya mwili wako. Jua nalo lina infraredi nyingi. Asubuhi ilifanya kazi vizuri. Kuanzia saa nne, jua lilipofika juu ya bati la plastiki, mikono ya mchezaji ikawa inapotea kwenye skrini, kichwa kinaruka. Mwenye kibanda akaamini kifaa kibovu, akanunua kingine, hali ileile. Lilipotandikwa turubai juu ya bati, picha ikatulia papo hapo, ila chumba kikawa tanuri na wateja hawakai.

Likaja la umbali. Mchezaji mmoja anataka karibu mita 1.8 kutoka kwenye kamera, wawili wanataka mita 2.5. Ondoa meza ya runinga na benchi la wanaosubiri, chumba cha mita 3.5 kimeisha. Halafu mtu akaipinda Kinect kwa mkono ili itazame chini. Ndani ya shingo mna mota na gia ndogo za plastiki, zikakatika meno, ikabaki imeinama. La mwisho ni kina dada waliovaa baibui: vazi pana linaficha miguu, na vitambaa vingine vyeusi vinanyonya infraredi. Kamera ilikuwa inaona kiwiliwili kinaelea bila magoti. Wakaacha kuja.

FundiPadi_Ligula:
Hilo la mavazi watu hawalifikirii kabisa, na ndilo linaloamua nani anacheza. Mkuu, bado hujajibu mzigo unatoka wapi.

KibandaShangani:
Kuna ndugu yupo Marekani, ananikusanyia vilivyotumika.

FundiPadi_Ligula:
Ndiyo maana niliuliza. Adapta ya umeme ya Xbox 360 ya Marekani ni ya volti 100 hadi 127. Ukiichomeka kwenye 230 yetu itagoma au itaungua. Adapta ya Wii, mashine ya zamani ya Nintendo, ya huko nayo ni vilevile. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, usichukue chini ya wati 500 ili isichemke. Diski nyingi za Xbox 360 pia zimefungwa kwa kanda, yaani ya kanda moja ya dunia haisomeki kwenye mashine ya kanda nyingine. Adapta ya Switch inapokea 100 hadi 240, unabadilisha plagi tu.

Mwl_Fizikia:
Chaguo la tatu nalo lichambuliwe, maana umeweka vitu vitatu kwenye kapu moja.

Mapigo ya moyo: saa ya mkononi inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani na kusoma mwanga unaorudi kila damu inapopita. Ngozi nyeusi inanyonya mwanga huo zaidi, na mkono ukirushwa kama kwenye ndondi, sensa inaanza kuhesabu mtikisiko badala ya moyo. Mkanda wa kifuani kama Polar H10 unasoma umeme wa moyo wenyewe, ni sahihi zaidi, ila elektrodi zinataka kuloweshwa kwanza na mkanda ugusane na ngozi. Kibandani, nani atauvaa baada ya mwenzake kuuvua?

Jasho la ngozi: sensa inapitisha umeme mdogo sana kwenye vidole na kupima jinsi unavyopita. Mtu akishtuka, viganja vinatoa jasho, umeme unapita vizuri zaidi. Valve, watengeneza gemu, waliwahi kuijaribu kwenye Left 4 Dead, gemu yao ya mazombi. Lakini hapa pwani, mwezi wa kwanza chumbani mwa bati, viganja vimelowa kabla gemu haijawashwa. Jasho la joto litafunika jasho la hofu.

Misuli: hii ndiyo ninayoiamini. Elektrodi za kwenye kifundo cha mkono zinashika umeme wa misuli inayosogeza vidole. Meta (enzi hizo Facebook) waliinunua CTRL-labs, kampuni iliyokuwa inatengeneza mikanda hii, 2019, na 2025 wametoa mkanda wa mkononi unaouzwa pamoja na miwani yao. Mtu aliyepoteza vidole anaweza kuja kucheza kwa misuli ya mkono iliyobaki. Hapo gemu zitabadilika kweli. Ila mkanda huo si padi ya gemu ya kununua leo.

Mikindani_Gemu:
Lakini mwalimu, Ring Fit Adventure ya 2019 inapima mapigo tayari. Unaziba kamera ya infraredi ya Joy-Con ya kulia kwa kidole gumba.

Mwl_Fizikia:
Ni kweli, baada ya zoezi, umesimama umetulia. Mapigo hayawezi kuwa kitufe, yanapanda polepole na kushuka polepole zaidi. Kazi yake ni kurekebisha ugumu, kama Nevermind ya 2015: ukiogopa, gemu inazidi kukukaba, ukitulia inalegea. Nintendo wenyewe walitangaza kipima mapigo cha kidole cha Wii mwaka 2009, hakikutoka. Mwaka 2013 Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo wakati huo, alieleza kuwa hawakutaka kuuza kitu kinachofanya kazi kwa watu 90 na kuwaangusha 10 kati ya 100.

Dada_Chuno:
Na mkianza kupima watoto wa watu mapigo ya moyo, mkumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Taarifa za afya ni taarifa nyeti, zinataka ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto lazima mzazi aingie.

Mikindani_Gemu:
Dada, kibanda cha gemu si zahanati.

Dada_Chuno:
Kinachotazamwa ni taarifa, kaka. Ukimwandikia mtoto jina kwenye akaunti na mapigo yake yakabaki humo, umeshahifadhi. Onyesha namba kwenye skrini, ikishapita ifutike, usihifadhi chochote.

Nachingwea_Tech:
Kabla hajanunua lolote, kwa dansi ajaribu Just Dance kwenye PS4 hizohizo. Simu ya mteja inageuka padi kupitia programu yake, hadi watu sita. Inataka intaneti. Simu ishikwe kwa mkono wa kulia, na iwe na kamba ya kifundoni, isije ikaishia kwenye kioo cha runinga.

FundiPadi_Ligula:
Ukichukua Switch, jiandae na joistiki za Joy-Con kujisogeza zenyewe. Ndani mna njia ya kaboni, inasagika na vumbi linakaa, na hewa ya chumvi ya huku haisaidii. Fungua kwa bisibisi ya Y00 yenye meno matatu, taratibu, nyaya bapa za ndani zinachanika. Safisha kwa spiriti ya asilimia 90 kwenda juu, iache ikauke kabisa. Ikirudia, bandika kadi ya milimita 1 juu ya bati la joistiki ili libanwe. Dawa ya kudumu ni joistiki za sumaku, hazina kaboni ya kusagika.

KibandaShangani:
Hizo za sumaku zinapatikana hapa mjini au mpaka Dar? Na zinaingia kwenye padi za PS4 pia? Ninazo nne zimeanza kuvuta kushoto.

Mikindani_Gemu:
Za PS4 zinataka kuyeyusha risasi, joistiki imechomelewa kwenye bodi. Weka picha ya bodi tuone ni toleo gani.