Siku uliyotota hadi ukajuta ulichovaa: tupeane uzoefu

KiguuNaNjia: Wakuu, jana nimetembea masaa manne mvuani na koti jipya la mpira, lile zito. Maji ya mvua hayakuingia hata tone. Ila nilipolivua, fulana ya ndani ilikuwa inakamulika. Jasho tupu! Nimelala natetemeka kama niliyetembea uchi. Leteni zenu, nisione niko peke yangu.

MamaPacha: Hauko peke yako. Mimi niliingia na buti zilizokaa stoo miaka mingi, kwa macho ni mpya kabisa. Mvua ya kwanza tu, soli ya kulia ikafunguka mbele kama mdomo wa mamba. Nikaifunga kwa kamba ya kiatu. Hatua ishirini, na ya kushoto nayo.

FundiCherehani: Mama, sponji ya soli huoza yenyewe hata kiatu kisipovaliwa. Kabla ya safari kikunje kwa mikono, ukiona nyufa achana nacho.

Mtoa mada, koti la mpira halipumui. Yapo yenye utando wa vitundu vidogo mno, mvuke unatoka ila tone la maji haliingii. Lakini kitambaa cha juu kikishalowa, mvuke hauna pa kupita, unarudi palepale. Nyunyizia maji: yakiviringika, koti lako zima. Yakinywewa, lioshe kwa sabuni isiyo na dawa ya kulainisha nguo, kisha upake dawa ya kuzuia maji. Na geuza ndani utazame mishono. Kama haina utepe uliogandishwa juu yake, kila tundu la sindano ni mlango.

Kandambili2: Maneno mengi. Kwenye njia yenye miti mwavuli unatosha.

MzeeWaGumbuti: Mwavuli kwenye upepo? Utaufukuza hadi jioni.

Kandambili2: Nimesema njia yenye miti, mzee. Soma kwanza.

TopeLaMlimani: Naomba mnivumilie, yangu ni ndefu.

Tulikuwa watatu, njia ya mlimani, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Asubuhi jua. Mwenzetu mmoja kaja na suruali ya jinzi, fulana ya pamba na sweta la pamba. Nikamwambia, akacheka: "Mvua si moto." Saa nane mchana ikafunguka, mvua na upepo wa ubavuni. Jinzi ilianza kulowa pindoni ikapanda hadi mapajani, akawa anatembea kama aliyefungwa magunia ya mchanga. Akatetemeka, tukamtania. Badala ya kusimama tukakaza mwendo.

Baada ya muda akaacha kutetemeka. Mimi mjinga nikafurahi, nikajua kapata joto! Kumbe mwili umechoka kupigana. Akaanza kujikwaa mahali pasipo na jiwe. Nikamvika koti langu la akiba, nikamwambia funga zipu. Kidole kinagusa kile kikichwa, kinateleza, kinagusa tena. Analitazama zipu kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Nikamuuliza jina la mwanawe wa kwanza, akabaki anatafuna ulimi. Halafu akaanza kuvua koti, eti anaungua.

Tulimsogeza nyuma ya mwamba, tukamvua kila kilicholowa. Kilichotuokoa ni mifuko ya taka: nguo zangu za akiba zilikuwa ndani ya mmoja, kavu. Wa pili tukautoboa tundu la kichwa tukamvika hadi magotini, tukamkumbatia huku na huku. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe ndipo tukampa kinywaji cha moto. Waokoaji walifika usiku.

Na hakukuwa na barafu, jamani. Hata moshi mdomoni haukutoka. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi, hatari imeshaanza.

MamaPacha: Nimesoma nimesimama.

Kandambili2: Chumvi imezidi. Mtu anaganda halafu anasikia joto?

NesiWaZamu: Hakuna chumvi hapo. Baridi ikizidi sana akili inachanganyika, mgonjwa anavua nguo mwenyewe. Ukiona mtu aliyelowa ameacha kutetemeka na anaongea ovyo, usimkimbize, usimsugue miguu, usimpe pombe. Mkaushe, mkinge upepo, ita msaada.

KiguuNaNjia: Kwa hiyo chini nivae nini? Pamba naifuta leo.

TopeLaMlimani: Sufu nyembamba, ile ya manyoya ya kondoo. Hata ikilowa inabakiza joto.

FundiCherehani: Sufu inachelewa kukauka. Chukua polyester.

TopeLaMlimani: Polyester siku ya pili hakuna atakayekaa karibu nawe.

MzeeWaGumbuti: Mnasahau miguu. Gumbuti, basi.

MamaPacha: Gumbuti likishaingia maji kwa juu umebeba ndoo mbili. Na kisigino kinacheza humo ndani, malengelenge yake acha kabisa. Mimi siku hizi navaa viatu vyepesi vya wavu: vinalowa, lakini maji yanatoka. Soksi kavu za kulalia sizigusi mchana hata mvua inyesheje.

MzeeWaGumbuti: Chomeka suruali ndani ya gumbuti, maji yataingilia wapi?

FundiCherehani: Humo humo ndani ya suruali, mzee. Suruali ya mvua hukaa nje ya kiatu.

MzeeWaGumbuti: Miaka yote nachomeka.

Kandambili2: Ndiyo maana tunakusikia unakuja, chwa chwa chwa.

KiguuNaNjia: 😂 Tope, yule wa jinzi bado mnatembea naye?

TopeLaMlimani: Yupo. Siku hizi ndiye anayekagua mabegi. Wiki iliyopita kanirudisha ndani nibadili soksi, za pamba, na mvua yenyewe haikunyesha.